Tusome pamoja: tuchague kitabu gani, na kikundi tukianzishe namna gani?

Maneno kwa vijana wa Bukavu



Asante kwa kuacha kazi, soko na masomo ili mufike hapa. Leo hatukuwaita juu ya maandamano. Tumewaita juu ya jambo linaloonekana dogo: kusoma. Tunapendekeza kila kartie ya muji wetu iwe na kikundi chake cha kusoma. Tutasema waziwazi tuanze na nini, na namna ya kuanza bila franka nyingi.

Tunajua jibu la kwanza litakalotoka: "Kitabu haikulishake." Ni kweli, kitabu hakiingie ndani ya chungu. Lakini tuangalie kile tunacholishwa kila siku. Usiku audio inapita katika simu. Anayesema hatumujui. Anasema kabila fulani inajipanga, fulani ameuzisha inchi. Kesho yake duka inavunjwa, kijana anapigwa, na hakuna hata mumoja kati yetu aliyesoma karatasi yoyote mbele ya kuokota jiwe. Mutu asiyesoma anasomewa na wengine, na yule anayemusomea njo anachagua ukurasa. Hapo ndipo penye hatari, wandugu. Hatusome ili tuonekane wasomi. Tunasoma juu damu inamwangika kwa sababu ya maneno ambayo hakuna aliyeyahakikisha.

Wazee wetu walipita njia hii

Katika inchi yetu jambo hili si geni. Profesa mumoja Mubelgiji, Van Bilsen, aliandika mupango wa miaka 30 wa kuitayarisha Kongo kwa uhuru. Kule Léopoldville, vijana wa gazeti Conscience africaine, Joseph Ileo akiwa kati yao, waliusoma, wakaujadili, na mwezi wa 7 mwaka 1956 wakatoa manifesto yao. ABAKO ya Kasa-Vubu nao wakaisoma ile manifesto, wakaona haitoshi. Tarehe 23 Agosti 1956 wakajibu: hatungoje miaka 30, tunataka kujitawala sasa. Miaka ine haikutimia, uhuru ukafika tarehe 30 Juni 1960.

Hatusemi karatasi peke yake ilileta uhuru. Watu waliingia barabarani tarehe 4 Januari 1959, na wengi walikufa. Lakini tuchunguze namna ilivyoanza: watu walisoma andiko moja, na hawakukubaliana. Kikundi cha kusoma si kwaya. Wote wakiimba sauti moja, hakuna aliyesoma.

Mwaka ule ule wa 1956, Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta kule Stanleyville, alitiwa gerezani. Mule ndani akaandika kitabu, Le Congo, terre d'avenir, est-il menacé ? Kilitoka mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kuuawa. Anayekisoma leo anashangaa: kule Lumumba anaongea kwa upole juu ya umoja wa Wabelgiji na Wakongomani. Si yule Lumumba wa hotuba ya tarehe 30 Juni. Kumbe hata yeye mawazo yake yalikua. Kijana wa Kadutu akijua vile, hataogopa tena kusema: "Jana niliwaza hivi, leo nimesoma, ninawaza vingine."

Tuchague nini?

Tunapendekeza mambo matatu ya kupimia. Andiko lipatikane bila kuuza mbuzi. Liguse maisha yetu. Na kila mara ya tatu tuchague sauti ambayo si yetu: ya kabila lingine, ya inchi ingine, ya mutu tusiyemupenda.

La kwanza ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ina vifungu 229, na kwa simu inapatikana bure. Wengi wetu tunaitaja, wachache tumeifungua. Kifungu cha 26 kinasema wanaopanga maandamano wanamujulisha mukubwa wa serkali kwa maandishi. Kujulisha si kuomba ruhusa. Neno hilo moja limepeleka vijana wengi kashoo, na aliyewafunga hakulisoma, na waliofungwa pia hawakulisoma. Kifungu cha 43 kinasema masomo ya primeri katika shule za serkali ni ya lazima na ni ya bure. Kifungu cha 64 kinatupa sisi wote kazi ya kumuzuia anayechukua utawala kwa nguvu. Kifungu cha 142 kinaitaka serkali isambaze sheria kwa Kifaransa na kwa luga zetu ine za taifa, Kiswahili kikiwamo, ndani ya siku 60. Nani kati yenu ameona sheria kwa Kiswahili? Basi, hilo ni swali la kikundi chenu kwa mudeputé wenu.

Ya pili ni sheria ya madini, hasa kwa wenye jamaa kule Kamituga, Mwenga ao Luhwindja. Toka marekebisho ya 2018, kampuni inayochimba inapashwa kutoa angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji wa pale. Na katika ile kodi ya madini inayoitwa redevance, 25% ni ya provense na 15% ni ya sheferi, sekta ao komine ya mahali. Aliyesoma hesabu hii anauliza swali lingine kabisa kwa chifu wake.

Ya tatu ni nzito: Ripoti Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010. Inaandika matukio 617 ya toka 1993 mupaka 2003. Mule kuna hospitali ya Lemera, ambako wagonjwa na watumishi waliuawa mwezi wa 10 mwaka 1996, wakati Dokta Mukwege alikuwa mukubwa wa hospitali ile. Mule kuna Kasika na Makobola. Kuna wakimbizi Wahutu. Kuna pia Wabanyamulenge waliouawa na majirani na askari. Kwa hiyo tunasema: musiisome peke yenu, na musianze nayo. Muisome wakati mumekwisha kuaminiana, kurasa chache chache. Pengine kati yenu kuna aliyezika mutu wake kule. Aachwe aongee ao anyamaze, sawa anavyotaka. Na sharti moja lisivunjwe: hakuna kupima wafu wa huyu na wafu wa yule kwa mizani. Kama kikundi chenu kinaweza kusoma ripoti ile mupaka mwisho na watu wa makabila yote wangali wamekaa kwenye benchi moja, mumefanya kazi ambayo mikutano mingi ya wakubwa imeshindwa.

Ya ine ni hadisi, juu mutu haishi kwa sheria tu. Kusadikika ya Shaaban Robert ni kitabu kifupi cha 1951: Karama anashitakiwa kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria. Kiswahili chake si kile cha Essence ao Nyawera, lakini tukikisoma kwa sauti tutaelewana. Kwa wasomaji wa Kifaransa, kuna Congo Inc. ya In Koli Jean Bofane. Kicheko chake kinauma.

Tuanze namna gani?

Muwe watu nane mupaka kumi na wawili. Wakizidi, wengine wanakuwa wasikilizaji tu. Wadada wasiwe wawili wa kutayarisha chai: waongoze mazungumzo kwa zamu kama wengine.

Muchange kama munavyochanga katika likelemba ao MUSO. Kila mwezi feza inanunua kitabu kimoja ao fotokopi, na daftari inaandika kiko kwa nani. Mwenye mega za intaneti apakue, awapatie wengine kwa Bluetooth.

Mukutane mchana, kwenye barza ya mutu, darasani ao kwa paroisi, ili kila mutu afike nyumbani mbele ya giza. Usalama wa muji munaujua.

Asiyejua kusoma asifukuzwe. Mumoja asome kwa sauti, mwingine aeleze kwa Mashi, Kirega ao Kifuliiru. Mama muuza samaki atauliza swali ambalo mutu wa iniversite hakuliwaza.

Mwisho wa kila mukutano, maswali matatu tu. Andiko linasema nini kweli? Tunakubali ao tunakataa, na kwa sababu gani? Juma hili tutafanya nini? Kama swali la tatu halina jibu miezi mitatu mufululizo, mumegeuka kilabu cha maneno.

Wandugu, hatuna feza, hatuna bunduki, na bunduki hatuitake. Tuna macho, tuna masikio, tuna benchi la kukalia. Kabla ya Siku ya Mungu ijayo, kila mumoja wetu atafute watu saba na afungue Katiba kifungu cha 1. Tukikutana tena, tusiulizane nani amesikia nini. Tuulizane nani amesoma nini.