Vita Inayoandikwa kama Kesi: Mapigano ya Koo za Tarime na Kumbukumbu Zake



Kila mwaka Baraza la Wakimbizi la Norway hutoa orodha ya migogoro iliyotelekezwa duniani, na Kongo haikauki humo. Wanaangalia misaada iliyotolewa, habari zilizoandikwa na juhudi za wanasiasa. Kipimo hicho kinawafaa wagawa misaada. Lakini aliyechomewa nyumba hajasahau kitu. Basi naomba tujiulize ni nani anayesahau, na anasahau kwa njia gani.

Tuanze mbali. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza peke yao waliwachukua Waafrika wanaokaribia milioni moja kubeba risasi na chakula katika Afrika Mashariki. Hesabu rasmi inataja vifo vya wapagazi vipatavyo 95,000, na wengi waliuawa na maradhi na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wafu wa Afrika hawakupewa heshima sawa na wa Ulaya. Mzungu alichongewa jina lake juu ya jiwe, mpagazi hakuchongewa. Usahaulifu huo uliamuliwa ofisini, kwa kalamu, na watu waliojua wanachokifanya.

Vita ya Kagera, kati ya Tanzania na Uganda, ina bahati nzuri zaidi. Tunajua ilianza Oktoba 1978 na kwamba Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Makaburi ya mashujaa yako Kaboya, na kila Julai 25 taifa huwakumbuka. Wakurya wengi, watu wa huku Tarime, walikuwa jeshini. Lakini zipo bunduki zilizorudi mikononi mwa watu na kuingia kwenye wizi wa mifugo huku kwetu, jambo ambalo mwanaanthropolojia Michael Fleisher aliliandika baada ya utafiti wake Tarime katika miaka ya 1990. Sehemu hiyo ya vita haina siku yake ya maadhimisho.

Sasa nije nyumbani. Wanchari na Walenchoka, koo mbili za Wakurya wa Tarime, wamepigana, na koo nyingine pia. Tazameni yanavyoandikwa. Ng'ombe wanaibwa usiku: jalada la wizi. Wenye mali wanafuata nyayo, anapigwa mtu mshale: jalada la kujeruhi. Kesho yake nyumba zinawaka, mahindi yanafyekwa kabla hayajakomaa: jalada la kuchoma nyumba, na jingine la kuharibu mali. Vita moja imekuwa kesi nne, kila moja na namba yake, na hakuna ukurasa unaoziunganisha. Mashahidi wasipotokea, kesi zinafutwa. Miaka ishirini baadaye mwanafunzi anayetafuta vita hiyo ataukuta uhalifu tu. Hali hii inaniuma, kwa sababu serikali yenyewe ilitambua ukubwa wa jambo hata ikaunda Kanda Maalumu ya Polisi ya Tarime na Rorya.

Mpaka wa Tanzania na Kenya nao umechangia. Koo za Wanyabasi na Wairege ziko Tanzania na ziko Kenya. Tukio lililoanzia upande mmoja likamalizikia upande wa pili huandikwa nusu nusu na nchi mbili.

Wanaozijua vita hizi nzima ni wanawake. Mama aliyezaliwa ukoo mmoja na kuolewa ukoo mwingine, mapigano yakizuka, mume na kaka zake wako pande mbili. Anajua upande huu amekufa nani na upande ule amezikwa nani, kwa kuwa kote kuna msiba wake. Lakini kikao cha suluhu kinapoitishwa, wanaoitwa ni inchama (baraza la wazee wa mila wa Kikurya), viongozi wa serikali na polisi. Mama huyo yuko jikoni anapika chakula cha kikao. Naona hapo ndipo tunapopoteza ushahidi wetu mwingi kuliko mahali pengine popote.

Pendekezo langu kwa semina hii ni kwamba kila kata inayopakana na ukoo mwingine iwe na daftari moja, litunzwe na mwalimu pamoja na mtendaji wa kata. Liandikwe majina ya waliokufa wa pande zote mbili katika ukurasa uleule, mwezi na mwaka, chanzo kama kila upande unavyokieleza hata wakipingana, mifugo iliyochukuliwa, na masharti ya suluhu. Wasimulizi wa kwanza wawe akina mama walioolewa ng'ambo ya mpaka wa ukoo. Daftari lisitumike mahakamani, vinginevyo hakuna atakayesema kweli. Hilo liafikiwe na wazee wa pande zote kabla ya jina la kwanza kuandikwa.