Msinyimane, Hata Mvi Zikitokea

Leo nataka kusema na akina baba na akina mama waliokaa katika ndoa miaka ishirini, thelathini na kuendelea. Kama watoto wako karibu, usiizime redio; hakuna neno la aibu hapa. Somo letu limo katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, mstari wa 3 hadi wa 5.

Hapo Mtume Paulo anafundisha kwamba mume ana haki juu ya mwili wa mkewe, na mke naye ana haki ile ile juu ya mwili wa mumewe. Anawakataza kunyimana. Wakitaka kutengana, anawapa masharti matatu: wawe wamepatana, iwe kwa muda, na iwe kwa ajili ya kusali. Kisha warudiane, Shetani asipate nafasi. Lakini umri hakuutaja. Hakusema ni mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe, wala mpaka mvi zitokee.

Katika parishi niliyotumika zamani palikuwa na mzee mmoja wa kanisa na mkewe. Wamenipa ruhusa kusimulia habari zao bila kuwataja majina. Kila Jumapili walikaa benchi moja. Lakini nyumbani, mzee alilala chumba cha nje, na mama alilala na wajukuu. Siku moja mama akanijia akilia: "Pasta, Baba watoto amepata mwanamke mwingine. Mwaka wa tatu huu hanitaki."

Nilipokaa na mzee peke yake alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Pasta, sina mwanamke. Nina ugonjwa wa sukari. Nguvu zimeniishia, nami naona haya kumwambia mama."

Miaka mitatu, ndugu zangu! Mke analia kwa wivu, mume analia kwa haya, na kati yao ni ukuta mmoja tu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kilichokuwa kikifa ni ndoa.

Ni kweli kwamba mwili hubadilika. Mama akifikia umri wa kukoma hedhi, mara nyingi kati ya miaka 45 na 55, aweza kuwa mkavu, na tendo la ndoa likamletea maumivu. Basi hukwepa, na mume hudhani amechukiwa. Sukari na shinikizo la damu huharibu mishipa, na baadhi ya dawa za shinikizo hupunguza nguvu za mume. Mambo haya si laana, wala si uchawi. Nenda hospitali ukamweleze daktari waziwazi. Yako mengi yanayoweza kusaidiwa. Lakini usiache dawa zako kwa shauri lako mwenyewe.

Wengine husema ni aibu bibi mwenye wajukuu kulala na mumewe. Mkumbukeni Sara. Alicheka, akidhani furaha ya mke na mume imekwisha kumpita. Mungu hakuona ni aibu kumrudishia.

Nawe baba, haki aliyoitaja Paulo si fimbo ya kumlazimisha mwenzio. Usipomsemesha mama mchana kutwa, usimtafute usiku kama mtu anayedai deni. Msaidie kazi, mshike mkono, muulize anaumwa wapi. Na siku ambayo mwili umekataa kabisa, bado mkono wa mwenzio begani mwako ni tendo la ndoa.

Nami sisemi kama mtu asiye na kosa. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikesha sebuleni nikiandika mahubiri, mpaka mke wangu aliponiuliza kwa upole, "Je, hayo maombi tulipatana lini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimevunja masharti yote matatu, na huku nikijiona mtumishi mwema.

Yule mzee na mama walikwenda hospitali pamoja. Daktari alimbadilishia dawa. Mzee aliniambia mambo hayakurudi kama ujanani. Lakini kitanda chake kilitoka chumba cha nje, na wajukuu wakapewa chumba chao. Mama halii tena.

Msikilizaji, ikiwa ninyi wawili mmetengana, jiulizeni usiku wa leo: je, tulipatana? Ni kwa muda gani? Na je, kweli tunasali? Anayeona haya kidogo na aanze yeye kusema.

Tuombe. Ee Mungu uliyetuunganisha, utuondolee haya inayotutenga. Utufundishe kupendana katika miili hii inayochoka, mpaka kifo kitutenganishe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.