Nguo ya Kutokea: Mavazi ya Watoto katika Picha za Zamani za Familia za Mashambani



1.0 Utangulizi

Katika nyumba nyingi za vijijini nchini Tanzania, picha ya zamani ya familia hutundikwa sebuleni au huhifadhiwa sandukuni pamoja na vyeti na hati nyingine. Wazee wameketi vitini. Watoto wamesimama mbele yao au wamepakatwa. Mtazamaji wa leo hudhani kwamba ameona jinsi watoto wa enzi hizo walivyovaa. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba alichokiona ni jinsi wazazi walivyotaka watoto wao waonekane, na kwamba Kiswahili chenyewe kinatupa msamiati wa kuitenga hali moja na nyingine.

2.0 Kushindia na kutokea

Wasemaji wa Kiswahili hutofautisha nguo ya kushindia na nguo ya kutokea. Ya kwanza ni ya shambani, kisimani na machungani. Ya pili hukaa sandukuni hadi Idi, Krismasi, harusi, au siku mpiga picha anapopita kijijini. Picha za mashambani ni kumbukumbu ya nguo ya kutokea. Ya kushindia haionekani humo ila kwa nadra.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Kanzu inayoburura chini na gauni lenye pindo pana havithibitishi kwamba fundi alikosea vipimo: nguo ilishonwa kubwa ili mtoto aikulie, kisha imfae mdogo wake. Kaptula iliyopigwa pasi juu ya miguu mitupu inatuonyesha mahali fedha ilipokomea. Shanga za kiunoni na hirizi ya shingoni, ambazo kwa mama wengi zilikuwa sehemu ya mavazi ya mtoto mchanga, mara nyingi zimefunikwa na gauni la siku hiyo.

Tahadhari hii ni ya lazima zaidi kwa picha za wamisionari. Wamisionari wa Leipzig, walioanza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, waliacha hazina kubwa ya picha. Picha za misheni zilitumika pia kuwaonyesha wafadhili wa Ulaya matunda ya kazi. Shati jeupe la mwanafunzi katika picha za namna hiyo lilikuwa hoja kabla ya kuwa vazi.

3.0 Jina la kitambaa

Picha ya rangi nyeusi na nyeupe haitofautishi vyema bluu iliyokoza na nyeusi. Hapa tunahitaji neno la mzee anayekumbuka: hii ni kaniki, ile ni merikani. Maneno haya yana uzito wa kijamii. Katika Pwani ya karne ya 19, kaniki na merikani yalikuwa mavazi ya watumwa na mafukara. Baada ya utumwa kufutwa kisheria Unguja mwaka 1897, kanga, kanzu na kofia vikawa njia ya waliokombolewa kudai heshima. Mzazi wa kizazi hicho aliyemvika mwanawe kanzu na kofia hakuwa akimpamba tu.

Hata hivyo, jina nalo lina mitego. Merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ililetwa na wafanyabiashara wa Marekani, hasa wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, 1861 hadi 1865, vilipoivuruga biashara hiyo, vitambaa vya Uingereza na India vilichukua nafasi, lakini jina likabaki. Hivyo neno hutambulisha aina ya kitambaa bila kuthibitisha kiwanda kilikotoka.

4.0 Jora moja, watoto wote

Chukueni mfano wa karibu zaidi. Zipo picha za mwanzoni mwa miaka ya 1980 ambamo ndugu wote, wa kike kwa wa kiume, wamevaa kitambaa kimoja. Kijana wa leo, aliyezoea sare za harusi, huziona kuwa za sherehe. Ukweli ni kwamba baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilikuwa adimu, na familia iliyobahatika kupata kipande cha jora ilikigawa kwa watoto wote. Masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ilienea, na katika picha za baadaye kila mtoto ana fulana yake yenye maandishi ya nchi asiyoijua. Ufanano uliokuwa dalili ya uhaba umegeuka kuwa dalili ya uwezo. Picha peke yake haituelezi ni upi kati ya hiyo miwili.

5.0 Hitimisho

Mabibi na mabwana, picha hizi zitadumu kuliko wanaoweza kuzisimulia. Waliokuwa watoto katika picha za miaka ya 1940 sasa ni wakongwe, na wengi wametangulia mbele ya haki. Wakiondoka wote, tutabaki na nguo zisizo na majina. Nawasihi wanafunzi wa Kiswahili, mwendapo likizo, ketini na babu na bibi zenu picha ikiwa mkononi. Ulizeni kitambaa kiliitwaje, nani alikishona, kiliazimwa kwa nani, na mtoto yule alivaa nini kesho yake. Yaandikeni majibu kwa maneno yao wenyewe. Kamusi na historia zetu zote mbili zinayahitaji.