Shaka si tuhuma: maneno yetu kwa familia na viongozi wa Isangi



Leo tumekuja kuomba radhi juu ya neno moja. Katika karatasi za maswali tulizoleta mara ya kwanza, wafadhili waliandika kwa Kiingereza "mistrust". Sisi tulifasiri haraka, tukaandika "tuhuma". Tukawauliza: "Una tuhuma gani juu ya jirani yako?" Mama mmoja alinyamaza, akachukua watoto wake akaondoka. Jioni habari ikazunguka kwamba tunaandika majina ya washitakiwa. Kosa lilikuwa letu, si lake.

Tuhuma ni kumtaja mtu pamoja na kosa lake. Neno lile la Kiingereza halifiki huko. Ni shaka, moyo usiotulia, hata pale ambapo mwenyewe hajui sababu. Lina ndugu yake, "distrust". Wengi huyatumia yote mawili kwa maana moja, lakini walio makini husema hili la pili lina sababu: alishanidanganya, simwamini tena. Wanaojua Kifaransa wakumbuke méfiance na défiance.

Kwa nini tusumbuke na hayo? Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipowaka upande wa Lubunga na Ubundu, watu waliuawa, nyumba zikachomwa, maelfu wakakimbia. Mtu akituuliza kama anaweza kurudi, lazima tujue ana nini moyoni. Ana shaka tu? Huenda akatulia akienda kuona shamba lake pamoja na mzee wa upande wa pili. Alimwona kwa macho aliyechoma nyumba yake? Huyo anahitaji sheria, na tukimwambia "aminianeni" tunamtukana. Aliyesikia uvumi sokoni tunamuuliza: nani alisema, lini?

Walokele mnajua jambo hili kutushinda. Kwenu "lisaka" ni dimbwi, au ahadi, au sumu, kwa kupanda na kushuka kwa sauti tu. Ndiyo maana ngoma za mto huu, ambazo mmisionari Mwingereza John Carrington alizichunguza miaka mingi kule Yakusu, hazipigi neno peke yake. Linaongezewa maneno mengine mpaka aliye mbali asikosee. Karatasi zetu hazina sauti.

Kwa hiyo swali lile tumeliondoa. Karatasi zilizojazwa tumezileta zote, na tutazichoma hapa mbele ya machifu. Swali jipya ni hili: "Ukifikiri kurudi, ni jambo gani linakunyima usingizi?" Hakuna jina la mtu litakaloandikwa. Anayetaka kuulizwa kwa Kilokele, Kitopoke au Kiturumbu, wenzetu wanangoja pale chini ya mwembe.