Baiskeli ya Umeme ya Kukunja kwa Mfanyakazi wa Mjini

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo)



Mwanachama akileta ombi la mkopo wa pikipiki, kamati ya mikopo haina kazi kubwa. Bei inajulikana, vipuri viko madukani, na wajumbe wenyewe wanajua pikipiki inayosumbua na isiyosumbua. Akileta ombi la baiskeli ya umeme ya kukunja, mambo ni mengine. Wajumbe hutazamana. Chombo hicho ni kigeni kwa wengi, bei yake ni mara kadhaa ya bei ya baiskeli ya kawaida, na muuzaji amekisifu kwa maneno ambayo hakuna mjumbe awezaye kuyapima. Mazungumzo haya yamekusudiwa kuipa kamati, na mwombaji mwenyewe, mahali pa kuanzia.

Yafaa ieleweke kwanza chombo chenyewe ni nini. Ni baiskeli yenye pedali kama nyingine zote, ila ina mota ndogo, aghalabu katikati ya gurudumu, na betri ya lithiamu inayoilisha mota hiyo. Mpandaji akikanyaga, mota humsaidia. Katika Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya sheria inataka nguvu ya kawaida ya mota isizidi wati 250, na msaada wake ukome mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ndani ya mipaka hiyo chombo huhesabiwa kuwa baiskeli, nacho hakidai leseni. Juu ya hayo, fremu yake ina bawaba, hata ikaweza kukunjwa na kuwa mzigo wa mkononi.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Huuliza nguvu ya mota na mwendo wake, wakasahau kwamba wanalipia kukunja. Asiye na haja ya kukunja anunue baiskeli ya umeme ya kawaida: ni imara zaidi, magurudumu yake ni makubwa, na kwa fedha zile zile atapata chombo bora.

Mwenye haja ni nani? Ni yule ambaye safari yake ina kipande kisichopandwa baiskeli, au mwisho wake hauna mahali salama pa kuiacha. London ni mfano mzuri. Katika mji huo, katikati ya miaka ya 1970, Andrew Ritchie alibuni ndani ya chumba chake baiskeli ya kukunja iliyokuja kuitwa Brompton, kwa jina la kanisa lililoonekana dirishani. Ya umeme ilitangazwa na kiwanda hicho mwaka 2017, ikiwa na betri ya wati-saa 300 inayokaa katika mfuko wa mbele na kuondolewa kwa mkono. Mfanyakazi hukanyaga kutoka nyumbani hadi stesheni, huikunja, hupanda treni, kisha huikunjua mjini na kumalizia safari. Ofisini huisukuma chini ya meza.

Thamani ya kukunja ilizidi kudhihirika mwaka 2025. Mwishoni mwa Februari mwaka huo baiskeli moja ya umeme iliwaka moto katika kituo cha Rayners Lane, na kuanzia tarehe 31 Machi mamlaka ya usafiri ya London ikazizuia baiskeli za umeme zisizokunjwa katika treni za chini ya ardhi na njia nyingine kadhaa. Za kukunja ziliachwa ziendelee. Sababu haikuwa udogo wake tu, bali kwamba aghalabu hutoka kiwandani zikiwa za umeme, wakati nyingi za zile nyingine ni baiskeli za kawaida zilizofungwa mota na betri baadaye, na hizo ndizo zilizoonekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya moto.

Dar es Salaam haina treni za namna hiyo, lakini ina watu wenye haja ile ile. Mkazi wa Kigamboni anayevuka kwa pantoni kila asubuhi ni mmoja wao; karani ambaye ofisi yake haina ulinzi wa baiskeli ni mwingine. Anayetumaini kuiingiza katika daladala ya saa moja asubuhi, ambayo haina nafasi hata ya mkoba, afikiri tena.

Jambo la kupima kabla ya yote ni uzito. Baiskeli za namna hii huwa na kilo kati ya 15 na 25. Kilo 20 ni ndoo kubwa ya maji ya lita 20, tena ndoo isiyo na mpini mzuri, yenye mnyororo wa mafuta unaogusa suruali. Anayeishi ghorofa ya nne Kariakoo, katika nyumba isiyo na lifti, ajaze ndoo hiyo, aipandishe ngazi mara mbili kwa siku kwa muda wa wiki moja, ndipo aende dukani. Uzito huo hauonekani mtu akiwa amepanda. Huonekana ngazini, na huonekana siku betri imekwisha njiani. Muuzaji aombwe ruhusa ya kuikunja na kuinyanyua mbele yake. Ikihitaji watu wawili au dakika tano, haitakunjwa baada ya mwezi wa kwanza.

Magurudumu nayo yana neno. Ya inchi 16 hukunjika yakawa kitu kidogo sana, lakini huzama katika mashimo ambayo la inchi 20 hupita. Kwa barabara zetu la inchi 20 lafaa zaidi, isipokuwa kwa mtu ambaye njia yake yote ni lami nzuri. Kuna pia mtego usiojulikana na wengi: tairi zenye kuandikwa inchi 16 si zote za kipimo kimoja. Ile ya Brompton ina kipenyo cha milimita 349 mahali inapokaa juu ya rimu, na ile ya baiskeli nyingi za watoto ina milimita 305. Moja haiingii katika rimu ya nyingine. Kwa hiyo isomwe namba ya milimita iliyochapwa ubavuni mwa tairi, kisha fundi wa mtaani aulizwe kama anayo, kabla fedha hazijatoka.

Bawaba na komeo lake zitazamwe kila wiki. Zikianza kucheza, zikazwe siku hiyo hiyo, kwa kuwa bawaba ikiachia njiani hakuna breki itakayomsaidia mpandaji. Katika miji ya pwani hewa ya chumvi hula vyuma hivyo na miguso ya betri pia. Kitambaa kikavu na mafuta kidogo kwenye vyuma vinatosha.

Sasa betri, ambayo ndiyo roho ya chombo na ndiyo kipande chenye gharama kubwa. Kiasi cha umeme inachobeba hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea-saa zilizoandikwa juu yake: volti 36 mara ampea-saa 10 ni wati-saa 360. Katika barabara tambarare mpandaji wa wastani hutumia kama wati-saa 10 kwa kilomita, hivyo atakwenda kilomita 30 na kitu. Muuzaji anayeahidi 80 kwa betri hiyo amehesabu mpandaji mwepesi mwenye miguu isiyochoka. Kuijaza hakumalizi hata nusu uniti ya LUKU, na hilo kwa kweli ndilo jambo zuri kuliko yote katika habari hii.

Lakini betri ya lithiamu ikiharibika huwaka vibaya. Seli moja ikipata joto kupita kiasi huipasha ya pili, nayo ya tatu, na moshi wake una sumu. Katika jiji la New York mwaka 2023 watu 18 walikufa kwa moto uliotokana na betri za namna hii, nyingi zikiwa za baiskeli na skuta za umeme, na mwezi Septemba mwaka huo ikaanza kutumika sheria ya kukataza kuuza baiskeli za umeme zisizothibitishwa usalama wake. Mafunzo yake ni ya nyumbani kabisa. Betri isijazwe mlangoni wala ngazini, mahali ambapo moto ukitokea utafunga njia ya kutokea. Isijazwe watu wakiwa wamelala. Iliyovimba, iliyoanguka kwa kishindo au iliyoingia maji ya mafuriko isichomekwe tena, wala isipelekwe kwa fundi anayeunga seli za kompyuta kuukuu. Na itumiwe chaja yake tu: ya betri ya volti 36 hukomea volti 42, na ya volti 48 hufika 54.6, lakini plagi zake zaweza kufanana kabisa. Kijana akiazima chaja ya jirani kwa nia njema, aweza kuiunguza nyumba.

Wapo wanachama watakaosema kwamba ndugu yao aliyeko Dubai au Ulaya atakuja nayo. Baiskeli yaweza kuja; betri haiji pamoja na abiria. Kanuni za usafiri wa anga hazimruhusu abiria kuchukua betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, iwe mkononi au katika mizigo ya chini ya ndege, na karibu zote za baiskeli hizi huzidi kiasi hicho. Baiskeli bila betri yake ni mzigo tu, na betri ya kubahatisha iliyotafutwa baadaye ndiyo chanzo cha hatari zilizotajwa. Mkopo wa mpango kama huo usitolewe mpaka betri halali iwe imeonekana.

Yabaki masharti ya mkopo, ambayo yategemea umri wa betri kuliko umri wa fremu. Fremu nzuri hudumu miaka mingi. Betri nyingi hutarajiwa kujazwa kama mara 500 kabla uwezo wake haujapungua kwa robo au zaidi. Mwanachama anayeijaza kila siku ya kazi, mara tano kwa wiki, atafikisha 500 baada ya wiki 100, yaani karibu miaka miwili. Akipewa mkopo wa miaka mitatu, mwaka wa tatu atakuwa analipia deni la zamani huku anatafuta fedha za betri mpya. Na mkopaji wa namna hiyo ndiye anayeanza kuchelewesha marejesho, si kwa ubaya bali kwa kubanwa. Afadhali mkopo uishe ndani ya miezi 18, na mwanachama aanze mapema kuweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya betri. Anayeweza kuijaza mara mbili au tatu tu kwa wiki, akaepuka kuiacha juani na kuiacha tupu kwa majuma, atazidisha maisha yake, na kamati yaweza kumpa muda mrefu zaidi.

Muuzaji aandike dhamana ya betri mbali na dhamana ya baiskeli, aonyeshe cheti cha usalama, na aseme kwa maandishi bei ya betri ya pili. Asiyekubali kuiandika bei hiyo huenda hana betri ya kuuza. Nakala ya stakabadhi na namba ya fremu ziwekwe katika jalada la mkopo, na namba ya betri iandikwe peke yake, kwa kuwa mwizi aweza kuichukua betri akaiacha baiskeli.