Mafuta ya Karafuu: Nguvu Yake na Mpaka Wake

Matini ya mazungumzo kwa wakazi wa kata



Katika nyumba nyingi za mwambao, jino linapouma hutafutwa kwanza karafuu. Desturi hiyo haikuzuka bure. Karafuu ni tumba la ua lililokaushwa kabla ya kuchanua, na ndani yake mna mafuta yenye harufu kali ambayo sehemu yake kubwa ni kemikali iitwayo eujeno. Kisiwani Pemba mafuta hayo hutolewa kwa mvuke hata katika makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa.

Eujeno huushambulia utando unaouzunguka mwili wa bakteria. Utando ukiharibika, vilivyomo ndani huvuja, na bakteria hufa. Maabara hulidhihirisha jambo hili kwa njia nyepesi: kikaratasi kilicholowekwa mafuta huwekwa juu ya sahani iliyopandwa bakteria, na baada ya siku moja hukizunguka duara tupu. Kwa majaribio ya namna hii, mafuta ya karafuu yameonekana kuwazuia Staphylococcus aureus, wasababishao majipu, na Escherichia coli, ambao baadhi ya aina zao huleta kuharisha. Mafuta ya mchaichai nayo yameonyesha nguvu kama hiyo. Tabibu wa meno huchanganya eujeno na oksidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda.

Hata hivyo, sahani ya maabara si mwili wa binadamu. Katika sahani, mafuta hugusana na bakteria moja kwa moja. Yakimezwa, hutawanyika mwilini na kuvunjwavunjwa na ini kabla ya kufika penye maambukizi. Kuongeza kipimo si suluhisho. Wapo watoto wadogo waliomeza mililita 5 hadi 10 tu, sawa na kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapatwa na degedege, wakapoteza fahamu na ini likaumia.

Maji nayo hayasafishwi kwa mafuta hayo. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji na hayayeyuki humo vizuri. Matone yakitiwa ndooni, mengi huzama chini. Maji ya kunywa na yachemshwe, au yatiwe klorini kwa kipimo kilichoelekezwa.

Wapo wanaokimbilia mafuta kwa kuhofia usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hofu hiyo ina msingi. Mwaka 1945 Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya kwamba kutumia dawa pungufu huwafundisha vijidudu kuistahimili. Lakini kinga ya usugu ni kutumia antibiotiki kwa maelekezo ya mtaalamu, wala si kuzikwepa pale zinapohitajika.

Basi karafuu ibaki na heshima yake. Mwenye jino bovu aitumie kutuliza maumivu akiwa njiani kwenda kwa tabibu, asiifanye mwisho wa safari. Uso ukivimba, homa ikipanda au kinywa kikishindwa kufunguka, afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, kwa kuwa usaha wa jino waweza kusambaa hadi shingoni na kuziba pumzi. Na chupa ya mafuta iwekwe mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.