Hotuba Inayobaki Kichwani: Somo la "Shusha Tanga, Pandisha Tanga"

(Mada iliyotolewa kwa vijana wa chama, Kisiwa Panza, Pemba)

Vijana wenzangu, nimetakiwa nizungumzie namna ya kuhutubia mpaka watu wakukumbuke. Naanza na aibu yangu mwenyewe.

Mara ya kwanza kupanda jukwaani nilikuja na karatasi nne. Ibara za Katiba, takwimu, vyote vimo. Nikasoma mwanzo mpaka mwisho. Nilipoteremka mzee mmoja akanishika mkono: "Mwanangu, umesoma vizuri. Sasa umesema nini?" Sikuwa na jibu.

Haya, nami nikuulizeni. Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilitoa hukumu ya kesi ya uongozi wa CUF. Nani hapa anakumbuka hoja za hukumu ile? Hakuna. Lakini nikisema "shusha tanga", nyote mnaitikia "pandisha tanga!"

Kwa nini? Siku ile watu wetu walikuwa wamepokonywa chama walichokijenga tangu 1992. Ofisi, bendera, kadi, vyote mashakani. Maalim Seif angeweza kutoa muhadhara wa sheria wa saa mbili. Yeye akachukua jambo analolijua kila mtoto wa kisiwani. Nyinyi mnaovuka Chokocho kila siku, niambieni: tanga likichanika katikati ya maji unafanya nini? Unakaa ukalia? Unalishusha, unapandisha jingine, safari inaendelea. Chombo ni watu, chama ni tanga. Hakuhitaji hata kufafanua. Hilo la kwanza: sema kwa kitu ambacho msikilizaji tayari anacho mkononi.

La pili, maneno yale yalikuwa na kazi ndani yake. Watu hawakupiga makofi wakaenda zao kulala. Walishusha bendera, wakapaka ofisi rangi mpya, wakachukua kadi za ACT-Wazalendo. Hotuba ambayo msikilizaji akitoka hajui kesho asubuhi afanye nini, hiyo ni burudani tu.

La tatu ndilo zito. Aliyesema ni nani? Ni mtu aliyeondolewa Uwaziri Kiongozi mwaka 1988, akawekwa ndani 1989 mpaka 1991. Aliposema tuendelee na safari, watu walijua mwenyewe ameisafiri. Na hakuwa akisema yale tu tunayopenda kuyasikia. Mwaka 2009, baada ya kukutana na Rais Amani Karume, alisimama mbele ya wafuasi wake akawaambia kwamba anamtambua kuwa Rais. Wengi hawakufurahi, na yeye alijua hawatafurahi. Akasema. Julai 2010 kura ya maoni ikapita, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikaundwa. Vijana, ukiwaogopa watu wako mwenyewe huwezi kuwaongoza.

Sasa turudi hapa hapa Panza. Maji ya bahari yanaingia kwenye mabonde yetu ya mpunga. Ukija na "athari za mabadiliko ya tabianchi katika ukanda wa pwani", mama aliyepoteza mpunga wake atakutazama tu. Mwambie hivi: "Bonde alilolima bibi yako leo halioti kitu. Tunataka tuta. Jumatatu twende pamoja kwa Mwakilishi tukamuulize lini." Amekuelewa, na anajua pa kwenda. Halafu Jumatatu uwepo! Usipokuja, hotuba yako yote imekufa, na ya mwenzako atakayekuja baada yako pia.

Na jengine, msitie chumvi. Iliyomo bondeni inatosha. Ukisema uongo mara moja mbele ya watu wanaojuana kama sisi, hawatakusikiliza tena hata ukisema kweli.

Tumalizie kwa zoezi. Kila mmoja atasimama dakika mbili, bila karatasi wala simu, aseme jambo moja tu linalomuuma. Kisha tutawauliza wazee wetu pale nyuma: mmekumbuka nini? Wakikaa kimya, utarudia.

Maalim ametutoka tarehe 17 Februari 2021. Tanga alilolipandisha liko juu, na sasa zamu ya kushika usukani ni yetu.

Taifa la wote, maslahi ya wote.